Yaya Aliyekataa Kubaki Mchangani

Ni asubuhi ya Julai, na nje ya nyumba hii ya Al Thumama, Doha, joto limeshaanza kukaba koo. Ndani, Emily Cherotich amepiga magoti katikati ya masanduku yaliyo wazi, anakunja nguo za kuogelea za watoto. Akimaliza, anaweka ya kwake, nyeusi, ya mikono mirefu. Haifichi chini. Anaiweka juu kabisa.

"Wacha aione," anasema, na kuendelea na taulo.

Anayemsema ni mwajiri wake, anayemwita madam. Kila kiangazi familia hiyo hukimbia joto la Qatar na kwenda kupumzika Antalya, pwani ya Uturuki kwenye Bahari ya Mediterania. Emily, yaya kutoka Bomet nchini Kenya, huenda nao. Ila kwake hiyo haijawahi kuwa likizo.

"Watu wa nyumbani wakiona picha wananiambia, 'Emily, umeomoka, sasa wewe ni tajiri!'" anasema akicheka. "Hawajui hapo nimebeba mtoto, maji na viatu vya watu wote."

Mwaka jana alilala kwenye godoro sakafuni, chumbani mwa watoto, bila siku hata moja ya kupumzika. Mchana alikaa mchangani na sare yake, jua likimpiga, familia ikiogelea. Alipojaribu kutia miguu majini, madam alimwita mbele ya wageni wa hoteli.

"Emily, hukuja huku kuogelea."

Siku chache baadaye, Lulwa, kitinda mimba wa nyumba hiyo mwenye miaka minne, alikuwa akicheza ukingoni wimbi lilipomvuta. Wazazi walikuwa mezani wakila. Emily alitupa taulo akaingia na sare yake. Hakujua kuogelea hata kidogo. Maji yalimfika kifuani, kisha shingoni, ndipo alipoudaka mkono wa mtoto. Wimbi la pili likawaangusha wote wawili. Alimnyanyua Lulwa juu ya kichwa chake, mwenyewe akimeza maji ya chumvi, mpaka mwanamume mmoja akaja kuwavuta.

"Nilijua nimekufa," anasema, sauti ikishuka. "Na unajua madam aliniuliza nini nilipotoka? 'Ulikuwa unaangalia wapi?'"

Jibu alilitafuta Doha. Rafiki yake Scovia, Mganda, hufundisha wanawake kuogelea katika hoteli moja ya West Bay. Scovia alimwomba msimamizi wake ruhusa, na kila Ijumaa, siku ya mapumziko ya Emily, wawili hao wakawa wanaingia bwawani kabla wageni hawajashuka.

"Mwanzoni alikuwa ananing'ang'ania shingo kama paka," anasema Scovia. "Nikamwambia, dada, kama unataka kuninyonga, ninyongee nje ya maji. Kulia alilia. Lakini Ijumaa inayofuata unamwona huyo, amekuja."

Mwezi uliopita, madam alipomwambia ajiandae kwa safari, Emily aliweka chini sahani aliyokuwa akiifuta.

"Madam, sitaenda vile nilienda mwaka jana. Nataka kitanda, nataka siku ya kupumzika kila wiki, na watoto wakiingia majini naingia nao. La sivyo, nikatie tiketi ya Nairobi."

Madam alimuuliza kama anajua ni wasichana wangapi wanaoitaka kazi yake.

"Nikamwambia najua, ni wengi. Lakini siku ile Lulwa alishikwa na mimi."

Emily alipika, akaosha watoto, na usiku akafunga begi lake mwenyewe. Hakuomba msamaha. Hatimaye madam alikuja jikoni na kumwambia kwamba kupumzika atapumzika, na kuogelea ataogelea, ila vitanda vya hoteli vimejaa.

"Basi nitawangoja hapa Doha," Emily akajibu.

Kitanda kilipatikana. Ni cha kukunja, na bado ni chumbani mwa watoto.

"Chumba tutakigombania mwaka ujao," anasema.

Desemba ataenda likizo yake mwenyewe, nyumbani. Binti yake Chelsea, mwenye miaka tisa, hajawahi kuiona bahari, na Emily anapanga kumpeleka Diani, pwani ya Kenya, amfundishe kuogelea.

"Nitamshika mkono tuingie pamoja," anasema. "Na mtu akitaka kututoa, aje atutoe mwenyewe, kama anajua kuogelea."