Bosi Asiyetoa Salamu

Hebu mchore Mbarouk akiingia katika chumba chake cha video pale Konde, Pemba: kofia imekaa upande, kipaza sauti kwapani, anapeana mkono na kila aliyeketi utadhani wamekuja harusini. Kazi yake ni kutafsiri filamu za kigeni papo hapo. Wahusika wanasema Kiingereza, yeye anawatilia Kiswahili kinywani, na Kipemba kikimponyoka hakuna anayelalamika.

Siku hiyo filamu iliombwa na shemegi yake Usama, fundi seremala. Kampuni kubwa ya samani ya Dar ilikuwa imemwita kazini, na ilitaka jibu kabla ya magharibi.

"Nitafutie filamu ya makampuni, nione watu wanavyoishi humo," alisema. "Nikipenda, nafunga karakana."

Mbarouk akaipata, akaiweka. Ofisi nyeupe pee, wafanyakazi wamepangwa vibandani kama kuku wa mayai, kila mmoja na namba kifuani. Bosi akaingia, akawapita wote kimya.

"Ah! Kaingia pasi na salamu?" Bi Asya, muuza maandazi, akang'aka kutoka mlangoni. "Huyu kalelewa wapi?"

Chumba kizima kikaguna. Mbarouk akaona haya, kana kwamba bosi yule ni mgeni wake yeye. Basi bosi alipofumbua kinywa kumwita mtu kwa namba, Mbarouk akamsemea kwa upole: "Asalaam aleykum, jamani. Mmeamkaje? Watoto hawajambo?"

"Ewaa!" watu wakapumua.

Adabu moja ikazaa nyingine. Bosi alipofoka, Mbarouk akamfanya aulizie mgonjwa wa nyumbani. Mfanyakazi mmoja akafukuzwa, akatoka na boksi lake mikononi.

"Huyo kapewa likizo na zawadi juu," Mbarouk akasema.

"Mbona analia?" Usama akauliza.

"Furaha, shemegi."

"Na bosi mbona kanuna?"

"Jino, yakhe. Linamsumbua tokea asubuhi."

Watu wakamcheka bosi na jino lake. Filamu ilipokwisha Usama akainuka, uso umemchangamka. "Kumbe wana utu hivi! Nami nilikuwa naogopa bure."

Akatoka nje, simu sikioni. Mbarouk akamfuata hadi kizingitini. Akisema kweli, Konde nzima itajua kwamba maneno yale kayatunga, na nani atakuja tena kumsikiliza? Akinyamaza, shemegi yake ataingia kibandani na namba kifuani.

Simu ikapokelewa Dar. Ungekuwa wewe pale kizingitini, ungefanyaje?