Wazee Wangu wa Chuma

Wako watu hapa Nakuru wanaosema niliota. Waache waseme. Sikuwa nimelala, sikuwa nimeonja pombe, na jua lilikuwa bado kali. Tena ushahidi uko uani kwangu mpaka leo, mzito kukushinda wewe.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini nani hapa mtaani Bondeni alitaka chuma asije kwangu? Nilianza na gunia la misumari iliyopinda, nikafika kujaza uwanja mzima: plau za wazungu waliokuwa wanahama, giaboksi, rejeta za kupozea injini, cheni. Kitu kimoja tu sikuwa nacho. Watu. Nililelewa na barabara, sina baba wala mjomba.

Sasa nikampenda Rosa. Baba yake, mzee wa reli kutoka magharibi, alinitazama akasema, "Mali yako nimesikia. Jumapili nakuja kuongea na wazee wako. Hakuna wazee, hakuna binti."

"Na usithubutu kukodi wale walevi wa sokoni," Rosa akaninong'oneza. "Baba atawajua mara moja."

Jumamosi mchana akaingia mtu nisiyemjua, mrefu, mwembamba, miguu imejaa vumbi jeupe. Aliomba kivuli tu. Nikampa, na maneno yakanitoka yote, unajua vile moyo ukijaa. Akacheka. "Boss, wazee unao. Umewarundika vibaya tu."

Akaanza kuvuta vyuma. Niamini: hakuwasha moto, hakufunga nati hata moja. Mimi ninayejua kuchomelea nilitafuta kiungo kwa vidole, sikukiona. Jua likizama, watatu walikuwa wameketi kwenye mapipa: mmoja kifua cha rejeta, mmoja mgongo wa plau, na mama mmoja mwenye shanga za cheni. Hawakufanana na mtu, lakini walikuwa watu! Ukimzunguka yule mama, upande huu anacheka, upande ule anakugombeza. Nilizunguka na kuzunguka, furaha tele, mpaka nikasahau kula. Nilipogeuka nimshukuru yule mgeni, hayupo, na kwenye vumbi hakuna alama ya mguu hata mmoja.

Jumapili mzee akafika na Rosa baada ya kanisa. "Wako wapi?"

Nilikuwa nimeandaa chai, vikombe vitatu mbele ya vyuma. Nikanyoosha mkono. "Ndio hawa."

Mzee akavimba. "Unanichezea, kijana? Rosa, twende!"

Akageuka. Rosa akanitazama kama mtu anayeaga. Ndipo kifua cha rejeta kikakohoa, kikohozi cha mzee hasa, kisha sauti: "Keti, mkwe. Chai inapoa."

Mzee akaketi! Baada ya hapo mimi na Rosa hatukusikia ila maneno ya mzee mwenyewe: "Eeh... Hapana, huyo ni wetu wa mwisho... Ati alikuwa mtoto wa namna hiyo? Kumbe!" Akacheka mpaka akatoa kitambaa kufuta machozi. Nani aliyemsimulia utoto wangu, na mimi mwenyewe siujui?

Alipoinuka, viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi, na vikombe vyote vitatu vilikuwa vitupu. "Una wazee wazuri," akaniambia. "Lakini huyo mama yako mkubwa ana maneno!"

Tulioana. Yule mgeni nimemuulizia Lanet mpaka Naivasha, hakuna anayemjua. Baadaye alikuja tajiri mmoja na lori, anataka kuwapeleka wazee wangu Nairobi, watu wawatazame kwenye jumba la makumbusho. Wanaume wanane walijaribu kumwinua mama, hakusogea. Rosa humsogeza kwa mkono mmoja akifagia! Na tukigombana hapa nyumbani, yeye huenda kuketi karibu na yule mama, akirudi ana hoja ambazo siwezi kuzijibu.

Kwa hivyo ukipita Bondeni, ingia, zunguka, furahia. Kitu kizuri kimewekwa kitazamwe. Lakini anza kwa kuwasalimu. Usiwagonge kwa kidole kupima chuma, kuna fundi mmoja aligonga, akakoholewa, mpaka leo hupita ng'ambo ya barabara. Na ukikuta kikombe mbele yao kinatoa moshi, kiache. Kina mwenyewe, naye ni wa kwetu.