Udongo wa Ukingo wa Jaruba

Tangu siku alipomkuta jirani yake Kefa amepiga magoti kwenye ukingo wa jaruba, akichimba udongo palepale ambapo yeye Sostenes alikuwa amekojoa asubuhi, hakuwa tena na raha. Kefa alisema anaziba tundu la panya lililokuwa likivujisha maji ya mpunga. Tundu lilikuwepo kweli, ila mwenye shaka haoni tundu, anaona mkono. Wazee wao pale Bahi walisema udongo uliokojolewa ukifungwa kwenye kitambaa, mwenye mkojo naye hufungwa asikojoe.

Na mkojo wake ulikuwa na visa. Alikuwa akisimama muda mrefu, unatoka kidogo, unakatika, kisha unadondoka matone. Kwamba shida hiyo ilianza kabla hata ya msimu wa kulima, hilo aliliweka kando kwa sababu halikumfaa. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na nani aliye karibu kuliko jirani wa jaruba?

Akaanza kukojoa kwenye kopo na kwenda kulimwaga mbali porini, akifukia na kuangalia nyuma. Togwa ya kwa Kefa akaikataa. Hata mkewe, Gladness, hakumwambia kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Sostenes hakuona kuwa anaficha maradhi. Aliona yuko vitani.

Baridi ya Julai ikamletea mafua. Akanunua vidonge dukani, akameza, akalala. Asubuhi halikutoka hata tone. Tumbo la chini lilikuwa gumu, jasho linamtiririka. Gladness akaita pikipiki ya karibu, nayo ilikuwa ya Kefa.

"Siipandi hiyo," Sostenes alisema.

"Baba Angelina, panda. Au nikamwite mchungaji kabisa?"

Akapanda. Gladness akakaa nyuma yake, naye Sostenes akang'ang'ania chuma cha pembeni asimguse Kefa. Kefa alipopunguza mwendo kwenye mashimo, aliwaza, ananichelewesha makusudi. Alipoongeza mwendo, aliwaza, anataka kunipasua kibofu.

Kituo cha afya walimwingiza mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, mkojo ukaanza kujaa kwenye mfuko wa mpira huo. Sostenes alilia kwa nafuu mbele ya watu na hakujali.

"Pole, mzee," alisema daktari, binti wa umri wa mwanawe Angelina. "Kwa wanaume wa umri wako mara nyingi ni tezi dume. Ikikua inabana njia ya mkojo. Wengine ni mawe, wengine kovu la kisonono cha ujanani. Na ninyi mnaoshinda kwenye maji ya mpunga, kichocho nacho kipo. Tutapima tujue."

Aliposikia kisonono, Gladness alimgeukia mumewe polepole. Sostenes akaangalia dari.

"Jana ulimeza dawa yoyote?"

"Za mafua tu."

"Baadhi ya hizo humzibia mkojo mtu mwenye tezi iliyokua."

Kefa alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi. "Daktari, hiyo tezi inaua?"

"Mkojo ukiziba kabisa na mgonjwa asiletwe, anaweza kufa."

Kefa akakaa kwenye benchi.

Jioni waliporuhusiwa, Gladness alibaki dirishani kungoja dawa, na wanaume wawili wakatangulia nje. Kefa alizungumza akiangalia tairi.

"Baba yangu alikufa hivihivi. Hospitali alikataa. Alisema baba yako alimchotea udongo."

Sostenes akamgeukia. "Na wewe uliamini?"

"Miaka yote. Mpaka leo asubuhi, huyu binti alipoeleza."

"Uliamini, na bado ukanibeba?"

"Ningekuacha ufe, Sostenes?"

Sostenes aliona aibu iliyozidi maumivu ya asubuhi. Gladness alipotoka, walipanda wote watatu. Njia nzima ya kurudi, Sostenes alimshika Kefa kiunoni.