Wageni wa Kusindikizwa

Mwishoni mwa miaka ya tisini, baba yangu alikuwa akipelekwa hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, kwani figo zake zilikuwa zimeshindwa na kazi. Muuguzi wake aliniita kando siku moja akaniambia kwamba baba asipotembea kila siku, miguu itamwishia nguvu na ngazi za nyumbani hatazipanda tena. Sisi tulikaa juu ghorofani, Mji wa Kale, na ngazi zetu zilikuwa za kusimama wima, kiza hata mchana. Nikaingiwa na hofu.

Nikamwamuru atembee kila siku baada ya sala ya alasiri. Alikubali upesi mno, nami nikajisifu. Akitoka, harudi mpaka karibu na magharibi. Lakini kila akipimwa hospitali alikuwa amezidi uzito kwa maji mwilini, na kwenye mashine misuli ilimkaza hadi akauma shuka. Siku moja nikamfuata. Hatua thelathini tu kutoka mlangoni petu palikuwa na baraza ya fundi cherahani, rafiki yake tangu utoto. Baba alikuwa ameketi hapo na wazee wenzake, kikombe cha tatu cha kahawa mkononi.

Mimi ulimi wangu hauna breki. Nikawaambia palepale, wapita njia wakisikia, kwamba baba ni mgonjwa wa figo, ameagizwa atembee kila siku, kila funda la maji analipimiwa, na wao wanamuua kwa vikombe. Wazee wakainamisha vichwa. Baba akaweka kikombe chini, akarudi nyumbani bila kunitazama. Kumbe hakuwa amewaambia. Pale barazani alikuwa mtu kama watu, nami nikamfanya mgonjwa.

Hakushuka tena. Wiki ikapita, ya pili ikapita, akawa hata kwenda msalani anashika ukuta. Nilimwomba radhi, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu," kisha akanigeuzia mgongo. Nililia sana jikoni, kwa majuto na kwa hasira pia.

Alasiri moja nikasikia mtu akihema ngazini. Alikuwa fundi. Waliongea habari za mji, ugonjwa hakuugusa, na nilipotaka kuleta kahawa akanizuia kwa mkono. Kisha akasimama.

"Haya, mimi naenda zangu. Hunisindikizi?"

Muungwana amwache mgeni wake ashuke peke yake? Baba akavaa kofia. Wakashuka kidato kimoja kimoja, nami nikachungulia dirishani, nikawaona wakiipita baraza bila kuketi, wakakata kona.

Kesho yake akaja mzee mwingine, keshokutwa mwingine. Kila mmoja alitaka kusindikizwa, na kila mmoja nyumba yake ilikuwa imehamia mbali ghafla. Baada ya miezi miwili baba alikuwa akipanda ngazi bila kushika ukuta. Nikadhani amedanganyika kama mtoto, nikamtania kwamba mwaka huu ana wageni wengi kuliko bwana harusi.

Alikuwa akivua viatu.

"Wadhani siyajui wayafanyayo? Fundi magoti yake mabovu kuliko figo zangu. Yuwapanda ngazi hizi kwa machungu, apate tu kuniambia nimsindikize. Nami nikatae kushuka?"