Giaboksi Iliyoishia Ndotoni

Kitabu kile nilikinunua kwa maneno ya nyuma ya jalada tu. Mpaka leo nikipita kwa muuza vitabu wa Kariakoo naangalia upande wa pili, nisije nikamtukana mtu asiye na kosa.

Maneno yenyewe: fundi anasafisha giaboksi ya mteja, na chini ya grisi anakuta alama aliyoipiga kwa mkono wake. Giaboksi ni ya gari ambalo mdogo wake alipotea nalo.

Jamani! Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu kuwashinda walimu wote wakijumlishwa, nilisoma mistari ile nikasimama katikati ya barabara hadi bajaji zikaanza kunizunguka kama mnara.

Katika gereji yetu ya mtaa wa Gerezani, kila fundi ana alama yake. Ukimaliza giaboksi unaigonga kwa tindo mahali palipojificha, ili mteja akirudi na malalamiko ujue kama ni kazi yako au kabadilishiwa huko alikopita. Mzee wetu wa giaboksi hupiga vistari vitatu na nukta. Na mdogo wake aliondoka na lori ambalo giaboksi yake aliitengeneza mzee mwenyewe, akapeleka mzigo bara, hajarudi. Hatulitaji jambo hilo. Ila tunaona: giaboksi yoyote ikiingia, mzee huifuta kwanza kwa kitambaa, anaikagua pande zote, ndipo anauliza inaumwa nini.

Nikaanza kuwasomea mafundi mchana, baada ya wali wa mama lishe. Mzee ambaye saa hizo huwa analala, siku hiyo alivuta tairi lake la kukalia akaja karibu.

"Rudia hapo alipofuta grisi," akasema.

Nikarudia mara tatu. Siku nne hakulala mchana.

Siku ya tano nikafika sura ya sita. Fundi ameshika ile giaboksi, anakwenda kumuuliza mteja gari kalipata wapi. Nikageuza ukurasa: fundi akazinduka kitandani, jasho linamtoka. Alikuwa anaota! Kurasa mia mbili zilizobaki anagombea udiwani, anahutubia mpaka kuku wa jirani wanajua sera zake.

"Msomi," fundi rangi akaangua kicheko, "hapo wamefunga injini ya bajaji kwenye bodi ya lori!"

Mzee hakucheka. "Sasa alimtafutia wapi?"

"Hakumtafuta, mzee. Ilikuwa ndoto."

"Si alama aliiona?"

"Aliiota."

"Hebu angalia mbele. Labda anakumbuka."

Nikapekua mpaka ukurasa wa mwisho, mbele ya macho yake, na hasira ikinipanda kiasi kwamba ningeweza kuchemsha maharage ya gereji nzima. Mdogo mtu hatajwi tena. Hata jina! Mwandishi kafungua kidonda, kakichungulia, kaenda zake kuomba kura. Kama hukuwa na la kusema, baba, kwa nini ulianza? Nani alikutuma? Ungeandika udiwani wako tangu ukurasa wa kwanza, sisi tukala wali wetu kwa amani!

Fundi rangi alipoondoka mzee akaniinamia. "Huyu mtu anaandikiwa barua?"

"Anaandikiwa. Anwani ipo humu."

"Muulize, yule fundi asingeamka, angeanzia wapi. Lazima anajua. Si ndiye aliyetunga?"

Nilikuwa na matusi ya kujaza daftari zima. Sikuandika hata moja. Niliandika swali lake kama alivyolisema, palepale juu ya boneti, nikamsomea.

Akatikisa kichwa. "Hujamsalimia. Atajibuje mtu hujamsalimia?"

Nikaandika shikamoo. Kwa hasira niliyoizuia, kalamu ilitoboa karatasi.