Spika Juu ya Spika

Kuna alasiri moja ya Ruiru ambayo naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa wakati ule sikuielewa, na sina hakika kama nimeielewa yote hata leo. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa Kamenu, Thika, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Gitaa nilijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza kaseti, nikirudisha kipande kilekile mpaka mama ananisihi nimhurumie. Nikikosea kidogo tu, naanza wimbo upya. Nilidhani hiyo ni bidii. Nadhani sehemu kubwa ilikuwa woga.

Sikuwa na ampu, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa. Nililiunganisha gitaa na redio ya kaseti ya mama, nalo likalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Kisha binamu yangu akaniletea kutoka ng'ambo kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, chenye mwangwi na mengineyo, na swichi moja ya kuiga sauti ya spika kubwa ya gitaa. Nilipoiwasha hiyo, nyuki walinyamaza. Redio ya mama ikatoa sauti nene, tamu, kama ya bendi. Sikuigusa tena ile swichi. Kitu kikishakaa sawa, mimi huogopa hata kukipangusa vumbi.

Ndipo Baba Wairimu, kiongozi wa bendi ya harusi pale Ruiru, akaniita nijaribiwe. Mpiga solo wao alikuwa amewaacha, na Jumamosi walikuwa na harusi. Niliitaka mno nafasi ile. Katika ukumbi wao wa mazoezi kulikuwa na ampu na boksi la spika la gitaa, kubwa, la kweli, la kwanza mimi kuligusa. Nikachomeka kisanduku changu, nikapiga.

Sauti ikatoka imefunikwa. Unajua muziki wetu wa kucheza: solo lazima ipande juu ya ngoma, ndipo watu waache viti. Yangu isingemwinua mtu.

"Kijana, hiyo gita iko na homa?" akauliza Ndung'u, mpiga ngoma. "Mbona inaongea ikiwa ndani ya blanketi?"

Nikaongeza treble, zile sauti kali za juu. Ikachoma masikio, blanketi likabaki palepale. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha nyuzi. Sikuelewa. Jana yake kwa redio ndogo sauti ilikuwa tamu. Leo, kwa spika bora kuliko zote nilizowahi kuona, imeoza. Mwishowe nikasema mbele ya wote, "Spika yenu imeraruka," nikaomba bisibisi nilifungue boksi.

"Aii! Afungue boksi ya mzee?" Ndung'u akacheka mpaka akaweka vijiti chini. "Hata hajaingia bendi na tayari ni fundi!"

Baba Wairimu hakucheka. Alichukua gitaa langu, akakiweka kando kisanduku, akaliunganisha moja kwa moja na ampu. Akagusa nyuzi kidogo tu. Sauti ikaruka hadi ukuta wa nyuma, safi. Boksi lilikuwa zima.

Nikaanza kukunja waya zangu. Kupiga bila kisanduku sikuthubutu. Kila kosa lingesikika.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, mzee. Hiki kitu kimeharibika."

"Huko nyumbani unachomeka wapi?"

"Kwa redio ya mama."

"Sasa, hapa kuna redio?"

Nikakichomeka tena kisanduku, nikachuchumaa, nikaanza kuzima vitu kimoja kimoja. Nikazima mwangwi: bado. Nilipofikia ile swichi kidole kilisita, maana ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nikaizima. Blanketi likatoka! Nyumbani kisanduku kilikuwa kikijifanya spika kwa sababu spika haikuwepo. Hapa ilikuwepo, nami nilikuwa naipitisha sauti kwenye spika ya kuiga, kisha tena kwenye ya kweli.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini tulipofika kwenye wimbo wa polepole, ule wa kumwingiza bibi harusi, Wairimu, binti wa mzee na mwimbaji wao, akanyamaza katikati. "Kaka, rudisha ile ya homa. Hii inanikata maneno." Nikaiwasha swichi, nikiwa na hakika naharibu. Ikakaa vizuri kabisa, chini ya sauti yake. Nikachanganyikiwa upya. Nikamuuliza Baba Wairimu, basi ipi ndiyo sahihi?

"Wewe piga, sisi tutakuambia," akasema. "Na Jumamosi ukuje mapema."

Ndivyo nilivyoipata nafasi, bila jibu nililolitaka. Nyinyi leo mnapiga gitaa kwa simu na kompyuta, spika za kuiga zimejaa humo, na wengi mna wasiwasi kama wangu. Nawaomba hivi. Kitu kilichokusaidia mahali pamoja kikigoma pengine, usikimbilie kulaumu kilicho kipya, wala usiongeze juu yake. Tazama kwanza uko wapi, na ni nini tayari kipo hapo. Anza kwa kuzima kile unachokipenda zaidi. Na ukishindwa kujua, waulize wanaokusikiliza, hata kama watakucheka.

Mungu akujalie watu wa kukuambia ukweli bila kukufukuza, mwanangu, na akupe utulivu wa kubaki mbele yao mpaka wamalize kusema.