Berthe na Mwisho wa Tokata

Shemeji yangu Berthe Quesnel aliuza vifungo na nyuzi hapa Pont-Aubray, Normandi ya Ufaransa, na Jumapili alipiga kinanda cha mabomba kanisani. Vidole vyepesi kweli, karibu vipite vyangu, nami nagawa karata nimefumba macho.

Roho yake ilikuwa kwenye tokata moja, muziki wa kinanda wa mbio za vidole, utunzi wa bwana mmoja wa Paris wa miaka ya thelathini. Kila sikukuu aliipiga watu wakitoka misa, na hata siku moja hakuifikisha mwisho. Sisi Wanormandi misa ikiisha hatukai: tunasengenyana kidogo mlangoni, kisha sungura na pombe ya tufaha mezani. Msakristia wetu, mtunza kanisa Anselme Gosse, akiona viti vitupu, anazima mota inayopeleka upepo kwenye mabomba, anafunga, anakwenda kula. Kinanda kinakata roho kwa mlio wa ng'ombe anayezaa.

Wiki ya kuelekea Pasaka Berthe akamkabili.

"Anselme, safari hii niache nimalize."

"Kwani kile kitu kina mwisho, mama? Mimi nilidhani kinazunguka tu."

"Kina mwisho, na ndio utamu wenyewe. Usizime mpaka ninyamaze."

"Ukinyamaza tu, nazima. Sungura wangu hasubiri."

"Sungura keshakufa," nikadakia, "atakwenda wapi?"

Siku ya Pasaka nilipanda naye roshanini penye kinanda kumfungulia kurasa. Noti sizijui, ila akitikisa kichwa nafungua, na hakuna aliyewahi kufungua vizuri kama mimi. Berthe alipiga mpaka mbao zikatetemeka chini ya viatu vyangu. Akafika ukurasa wa mwisho. Yule bwana wa Paris, kabla ya kishindo cha kumalizia, kaweka kimya kirefu. Berthe akainua mikono, akangoja.

Chini kukalia: tak.

Mikono ikashuka, miguu ikashuka, na hakukutoka sauti ila vibao vya kinanda kugongana. Hakuacha. Aliupiga ukurasa mzima vile vile, kavu, mpaka noti ya mwisho. Kisha akainama ukingoni.

"Anselme, umezima."

"Ulinyamaza, mama."

"Nilikuwa navuta pumzi!"

"Mimi huku chini nitajuaje kama unapumua au umemaliza?"

Anselme alifanya kama alivyoambiwa. Nami nikacheka, nikapigwa na kitabu cha noti begani.

Jumapili iliyofuata, padri hajamaliza hata kugeuka, Berthe akaanza na ukurasa wa mwisho. Kishindo kile kiliwafanya mabibi wa mbele washike kofia zao. Akaishikilia sauti ya mwisho mpaka akatosheka, akafunga kinanda.

"Leo umenifurahisha," Anselme akamwambia ngazini. "Fupi, na imeeleweka."

Berthe alipita kama hajaona mtu. Nje akanishika mkono wa koti.

"Mwisho nimeupata, shemeji. Sasa niambie, kwa ule mwanzo niliojifunza miaka yote ile nifanye nini?"